Jembe la Kupumzikia

Kitu cha kwanza alichokiona Délice garini ni jembe, likichungulia kutoka kwenye mfuko wa mama aliyeketi mbele yake.

"Victoire! Tunaenda kisiwani Idjwi kupumzika siku tano, na weye umebeba jembe?" alifoka Louise, aliyeketi kando ya mama huyo. Abiria wote waligeuka.

"Sasa mikono nitaiweka wapi?"

"Mu maji! Ziwa la kule halina mamba. Tutaoga mpaka vidole vikunjamane, tutakula mananasi, tutalala mchana kama wakwe waliokuja ugenini!"

"Na wenyeji wakitukuta tumelala saa nne ya asubuhi?"

"Watatuletea chai!"

Victoire alicheka hadi kitenge kikamlegea. Jembe hakuliachia.

Gari likasimama Luvungi, na Délice akainuka. Alikuwa anakwenda kulima kwa shangazi yake, kama kila siku tangu alipoacha shule darasa la nne. Mlangoni akageuka, akanyoosha mikono miwili.

"Mama, niachie hilo jembe, nikutunzie mpaka mutakaporudi. Weye enda ukapumzike. Na siku ingine munichukue. Minye pia nimechoka."