Kibuyu Kisimfikie Gidion

Mheshimiwa Diwani, Padri wetu, wazee wenzangu wa Nangwa, na ndugu mliotoka Masieda, nawasalimu. Nyie wadogo, shikamoo zenu nimezisikia. Marahaba, sasa kaeni.

Tumekuja kumuaga Nesi Konsolata, anastaafu. Mmemletea khanga na kuku. Vizuri. Lakini mwaka jana nani walimwita mwenye dharau? Si nyie nyie?

Mjukuu wangu Gidion, yule pale, anaishi kwa figo aliyopewa na dada yake Doris. Ili mwili usiikatae, anameza dawa kila siku, na dawa hizo zinaulegeza mwili usipigane na vijidudu. Nesi aliwaeleza hapa hapa, akarudia. Mkatikisa vichwa kama watu wanaosikia.

Halafu mkaja na kibuyu. Maziwa mabichi, yamegandia humo humo, eti aliyetoka kuumwa lazima anyweshwe na mjomba wake, akikataa ameutukana ukoo. Nesi akasimama mlangoni. Gidamis mwanangu, wewe ndiye mjomba, ulimwambia nini? "Nesi, pisha, hayo ni mambo ya vitabu." Kijana akanywa.

Kuhara kulikofuata mlikuona? Mlikuwa mmeshaenda. Mwingine, simtaji, anajijua, akaleta vidonge vya dukani na kumshauri aache dawa za figo, tumbo lipumzike. Tumbo lipumzike. Na figo ya Doris ipumzike wapi, kaburini?

Konsolata alimnyang'anya vile vidonge, akampigia simu daktari wa figo, akapanda basi na mgonjwa hadi hospitali. Wakapima choo, wakakuta bakteria. Wakapima damu, maana kuhara kunavuruga kiwango cha dawa ya figo. Ndipo wakachagua dawa ya bakteria isiyogombana na ile ya figo. Kuna aliyebahatisha hapo?

Leo huyu mama anaondoka. Na mimi macho bado ninayo: chini ya kiti cha Gidamis kuna kibuyu. Umekuja kumbariki Gidion tena? Baraka siikatai, nimezaliwa katika mila hiyo hiyo. Kilete hapa mbele. Nitakunywa mimi, mkubwa wenu, kwa niaba yake, na atakayesema Gidion ameutukana ukoo aje aniambie mimi.

Konsolata mwanangu, nenda ukapumzike. Mlangoni nitasimama mimi.

Asanteni kwa kunisikiliza. Gidamis, nasubiri.