Video Iliyokatwa Mwanzo: Risala ya Wasaidizi wa Kisheria wa Kilosa na Mikumi

Mgeni rasmi, pole na safari. Sisi wasaidizi wa kisheria wa Kilosa na Mikumi tumefurahi kukuona, na tumesimama mbele yako kwa heshima zote. Wakubwa wetu mlioketi, shikamooni.

TULIKOTOKA

Tulianza tukiwa wachache, tukihangaika na mirathi, mipaka ya mashamba na ndoa zilizoyumba. Sisi si mawakili, wala hatumsemei mtu mahakamani. Tunamwonyesha njia na kumsindikiza. Zamani ushahidi ulikuwa mdomo wa shahidi na karatasi. Siku hizi watu wanatujia na simu mkononi: sauti ya vitisho, ujumbe wa matusi, picha ya jiwe la mpaka lililong'olewa. Ikabidi tujifunze upya. Aliyetufundisha zaidi ni mwenzetu Joha wa Tindiga, na tunaomba tukusimulie alivyofanya.

TULICHOFANIKIWA

Msimu uliopita ng'ombe waliingia kwenye mpunga wa mzee Abubakari. Kabla jua halijawa kali, video fupi ilishaenea kwenye makundi ya WhatsApp: ng'ombe wamo mpungani, na mfugaji jirani, Marko, kasimama katikati yao na fimbo. Mzee akamshtaki polisi, Marko akakamatwa. Mkewe, mama Kishiwa, akamfuata Joha nyumbani, mtoto mgongoni.

"Mume wangu alikwenda kuwatoa," alisema. "Si ng'ombe wetu. Sasa nani atanisikiliza?"

Joha alimpa kiti. Mzee Abubakari ni mjomba wake, na mpunga wa shamba lile ndio uliomkuza. Lakini aliporudia kuitazama ile video, aliona inaanza ghafla, ng'ombe wakiwa tayari wanakimbia. Akaulizia mpaka akampata aliyeirekodi, Goodluck, kijana wa bodaboda.

"Ndefu ninayo," Goodluck alisema. "Bando lilikuwa dogo, dada, nikakata mwanzo. Nikutumie?"

"Usinitumie. Usiikate tena wala usiifute. Ibaki humo humo ulimorekodi."

Wakaitazama pamoja. Katika mwanzo ule ng'ombe wanakula peke yao, na chapa ya ubavuni si ya Marko. Kisha Marko anaingia mbio na kuwaswaga kuelekea barabarani. Joha akamweleza Goodluck kwamba video iliyorushwa huku na huku itaulizwa imepitia mikono ya nani. Simu yenyewe ikifika pamoja na mwenyewe, maswali hupungua. Wakaizima, Goodluck akatoa laini yake, wakaitia simu kwenye bahasha, wakasaini wote wawili pale ilipogundishwa, wakaenda nayo polisi.

Mlangoni Goodluck akasita. "Wateja wangu wananipigia kwenye simu hii. Nitakula nini?"

Joha akachomoa laini kwenye simu yake mwenyewe, akampa Goodluck simu hiyo atie laini yake. Goodluck akaingia, akaikabidhi bahasha kwa mkono wake mwenyewe.

Mzee Abubakari alipopata habari alimjia juu. "Umeitupa damu yako, Joha."

"Shikamoo, mjomba. Mpunga wako umeliwa, na mimi umeniuma. Ila Marko akifungwa, aliyekutia hasara atakuwa nje anacheka."

Mzee hakuitikia. Joha alirudi kwetu macho mekundu, akanawa uso, akaendelea na kazi.

Mahakamani Goodluck alieleza kwamba simu ni yake na alirekodi mwenyewe. Video ikatazamwa yote. Marko akaachiwa huru. Nje, mzee Abubakari alisimama mbele ya mama Kishiwa, kofia mkononi.

"Nisamehe, mama. Hasira za ng'ombe nilizimalizia kwa mtu."

Kisha akamgeukia mpwa wake, akasema taratibu, "Marahaba, mwanangu."

YANAYOTUKWAMISHA

Simu ikishapokelewa kuwa kielelezo cha ushahidi haiwezi kurudi hadi kesi iishe. Muda wote ule Joha alikaa bila simu, na waliomhitaji walimfuata kwa miguu, wengine kutoka Masanze. Kabati letu la nyaraka za watu halina kitasa; mwenzetu Gabrieli huegemeza kiti chake mlangoni pake, na akienda kula hukaa mwingine. Kinachotuuma zaidi ni wale wanaotufikia wakiwa wameshafuta ujumbe kwa aibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaambia wasifute.

TUNAYOOMBA

Tunaomba simu chache za kawaida za kuwaazima mashahidi, na kabati linalofungwa. Tunaomba pia mtaalamu wa kutunoa katika ushahidi wa simu, naye akubali kupanda hadi Vidunda, maana vitisho vya simu vinafika huko hata mtandao ukisuasua.

Mgeni rasmi, Joha hayupo ukumbini. Asubuhi ameitwa Vidunda na mama anayetishiwa kwa ujumbe, akasema mama yule hawezi kungoja sherehe iishe. Alituomba pia tusimtaje kwenye risala. Mengi huwa tunamtii, hili limetushinda.

Mwenyezi Mungu akurudishe salama kwa wanao, na milango unayotufungulia wewe, akufungulie Yeye mikubwa zaidi.

Ni sisi wako,
Wasaidizi wa Kisheria, Kilosa na Mikumi.
Imesomwa na Lea, kwa niaba ya wenzake.