Mikidadi Aliyekataa Kuagwa kama Marehemu

Tarehe 30 Juni 1958 Bwana Mikidadi Chilumba, fundi mkuu wa karakana ya matrekta hapa Nachingwea, anastaafu baada ya utumishi wa miaka karibu kumi na moja. Alipoanza kazi mwaka 1947 karakana ilikuwa turubai moja na marundo ya makreti. Wote aliokuja nao wamekwisha kuondoka. Yeye kabaki na spana zake.

Ni mzaliwa wa Matambarale, Ruangwa. Visiki vya pori vilipoyashinda matrekta, Mikidadi aliyafungua mabovu manne, akachukua gia ya hili na pampu ya lile, akapata moja linalotembea. Tuliliita Ukoo. Lililima misimu mitatu, likapiga kelele misimu yote mitatu.

Sasa habari ya ugonjwa. Nilishauriwa niipite kimya kimya. Mwenyewe alikataa katakata, akasema nikiificha hatahudhuria sherehe. Basi naiandika.

Desemba iliyopita tumbo lake lilianza kujaa, macho yakawa manjano. Akapimwa hospitali. Majibu ya kwanza yalisema kichocho hakikuonekana, malaria haikuonekana. Mafundi tukashangilia, na Dastani, mpishi wetu, akachinja jogoo. Mikidadi alimla jogoo, akalitazama tumbo, akaliona liko vile vile. Kesho yake akarudi kumwuliza daktari: kama hakuna kitu, humu kimejaa nini?

Ndipo akaelezwa kwamba vipimo vile vilitafuta vijidudu tu, na kutoviona si kusema mtu ni mzima. Kipimo kingine cha damu, pamoja na vidole vya daktari chini ya mbavu, vilionyesha kwamba ini lina makovu na limekakamaa. Halitarudi kama zamani, ila likitunzwa, sehemu iliyobaki yaweza kuendelea na kazi. Mikidadi aliomba aelezwe tena, kisha akanieleza mimi peke yangu, kikarakana: dizeli safi, pampu nzima, chujio ndilo bovu, na chujio la namna hii halipatikani stoo.

Walimwengu hawakosi neno. Ikavumishwa kwamba anakunywa uraka kwa siri, yeye ambaye hajaonja pombe tangu azaliwe! Daktari alidhani chanzo ni ugonjwa wa manjano aliougua ujanani. Mikidadi alikasirika, na mimi nilikasirika zaidi yake.

Kisha ikaja chumvi. Daktari aliikataza, hivyo kila mchana Mikidadi akawa anausukuma mbali mchuzi wa Dastani. Kwetu mtu mzima akiacha chumvi, ana mtoto jandoni. Watoto wa Bi Fatu, mkewe, walikwisha kutoka jando zamani. Mafundi wakakata shauri kwamba mzee ana mke wa pili kule Namungo, na mtoto wa huyo ndiye yuko jandoni, wakaanza kumpongeza. Habari zilipomfikia Bi Fatu, alikuja karakanani na mwiko mkononi. Hapo Mikidadi akapanda juu ya trekta, akatangaza ini lake mbele ya wote. Bi Fatu alishusha mwiko, akalia.

Baada ya hapo ilikuja huruma, nayo ilimchosha kuliko uvumi. Jamaa walileta mikeka wakakaa uani kwake kama wamefiwa. Mkubwa mmoja akataka aachishwe kazi mara moja. Mikidadi alimjibu kwamba siku yake ni mwisho wa Juni, na ataondoka kwa miguu yake. Wenye mikeka aliwagawia majembe, wakamlimia ekari nzima kule Matambarale.

Haikuwa rahisi. Tulimwona akitapika nyuma ya stoo, akanawa uso, akarudi chini ya injini. Zilikuwapo siku alizolazwa ili atolewe maji tumboni, na akitoka huko alikuja kutugombeza kwa kazi tulizoharibu. Tulifurahi kugombezwa.

Sasa tarehe imefika, na amesimama. Daktari hakumwahidi miaka, wala hakumficha. Nduguze walimsihi apande ufuta, auvune mwaka huu huu. Mikidadi amepanda mikorosho, na kila mtu hapa anajua mkorosho huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne.

Asante, Bwana Mikidadi, kwa kazi na kwa ukali wako. Tunakutakia maisha mema wewe na Bi Fatu. Korosho za kwanza zikianguka tutakuja Matambarale kuokota, na tunataka utupokee wewe mwenyewe.