Bi Shii na Kiti Kilichokuwa Wazi

Ifikapo tarehe thelathini mwezi wa sita, msimamizi wetu wa milango, tuliyemzoea kwa jina la Bi Shii, atakabidhi funguo na kustaafu baada ya kuutumikia ukumbi huu kwa miaka thelathini na minne. Mameneja wamekuja na kuondoka, mapazia yamebadilishwa rangi, viti vimeshonwa upya, yeye amebaki palepale kwenye mlango mkubwa wa kuingilia, sketi nyeusi na shati jeupe lililopigwa pasi hadi linakaribia kusimama lenyewe. Mimi ni mkata tiketi. Dirisha langu linatazamana na mlango wake, na nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, kama alivyosema meneja, ukimtoa marehemu mumewe hakuna binadamu aliyemtazama Bi Shii kwa muda mrefu kuliko mimi.

Alianza kwa kufagia jukwaa. Baadaye akapelekwa chumba cha mavazi, lakini huko hakudumu. Waigizaji walipolalamika kwamba nguo zimerudi ndogo kutoka kwa dobi, aliwaambia bila kupepesa macho kwamba nguo ziko vilevile. Wakamhamishia mlangoni, wakidhani wamemwadhibu.

Jina lake ni la kazi. Kuna mgeni rasmi mmoja, mtu mzito mwenye walinzi, simu yake iliita katikati ya mchezo akaipokea. Bi Shii alitembea hadi kwenye safu ya mbele, akamwambia “Shii!” kama anavyomwambia mtu yeyote, kisha akanyoosha mkono na kusubiri. Mheshimiwa akaikabidhi simu kama mwanafunzi aliyekamatwa na pipi. Walinzi walitazama dari. Mwisho wa mchezo alirudishiwa simu yake ikiwa imefutwa vumbi, na tangu hapo akija anaizima akiwa bado kwenye gari.

Jambo moja hakuwahi kulifanya, nalo ni kuusifu mchezo au kuuponda. Watu wakimuuliza mlangoni kama onyesho la leo ni zuri, jibu lake lilikuwa “Ingia uone.” Kwake, mtu wa mlangoni akianza kuonja kazi za wenzake, basi mlango umeshakuwa na upande. Tulimtania sana kwa hilo. Hata mtoto wake wa mwisho alipojiunga na kundi letu la waimbaji, na kila mtu akawa anamwambia mama hongera, yeye alisema tu kwamba binti anafika kazini mapema.

Ningeweza kuendelea na visa vya aina hiyo hadi karatasi za programu ziishe. Lakini wote tunaosoma hapa tunajua ni kisa gani kinachosubiriwa, na kama nikikiruka mtanizomea.

Mwezi wa tatu tulizindua mchezo mpya wa muziki, “Gauni la Jumamosi”, hadithi ya fundi cherehani anayemshonea gauni la harusi mwanamke anayeolewa na mwanaume ambaye fundi mwenyewe anampenda. Fundi huyo alikuwa binti wa Bi Shii. Ilikuwa mara yake ya kwanza kubeba mchezo mzima mabegani. Nyimbo zilikuwa zimeshasambaa kwenye simu wiki kadhaa kabla ya pazia kufunguliwa, na mashabiki walikuwa wameshaunda chama chao na kumchagua kiongozi, kijana mwenye sauti ya kupasua ukuta ambaye wanamwita Spika. Siku ya uzinduzi waliimba pamoja na waigizaji, wakalia, wakasimama kwenye viti hadi Bi Shii akawashusha mmoja mmoja.

Kisha magazeti yakatoka. Mawili yalitusifu kijuujuu. La tatu, ambalo ndilo linalosomwa na wenye fedha za kutufadhili, liliandikwa na mhakiki ambaye mashabiki wamempachika jina la Wembe, na siku hiyo alinyoa kweli. Alisema mavazi ni mazuri kuliko maneno. Alisema sehemu ya pili inaburuzika. Na kuhusu wimbo wa mwisho, fundi anapokata uzi wa gauni lililokamilika, aliandika hivi: “Sauti anayo, tena kubwa. Lakini wimbo huu wa uchungu ameuimba kama mtu anayewahi basi.”

Damu ilinichemka, nasema wazi. Mashabiki ndiyo usiseme. Kabla ya saa sita mchana simu zilikuwa zinawaka moto, na mmoja wao akaibuka na jambo zito: alikuwa amekaa safu moja na Wembe, na sehemu ya pili yote kiti cha Wembe kilikuwa kitupu. Wengine wawili wakasema hata wao walikiona. Maana yake mhakiki aliondoka wakati wa mapumziko, akaenda kuandika juu ya wimbo ambao hakuusikia! Shutuma hizo zilimfikia mhariri wa gazeti, naye akampigia meneja wetu. Akasema kama wahusika wa ukumbi watathibitisha, uhakiki utaondolewa na gazeti litaomba radhi. Na meneja alikuwa ameshaambiwa na wafadhili kwamba kwa uhakiki ule mchezo ungeshushwa mapema, na waigizaji wa mkataba, binti akiwemo, wangetafuta riziki kwingine.

Anayejua nani katoka na nani kabaki ni mtu wa mlangoni. Kwa hiyo yote yakamwangukia mama wa mwimbaji.

Mashabiki walijaa ukumbi wa kupokelea wageni hadi mimi nikafunga nusu ya dirisha. Wamevaa skafu nyekundu kama ya fundi kwenye mchezo, wengine wameshika gazeti limekunjwa kama silaha. Meneja alishuka ngazi na simu mkononi, mhariri akiwa bado hewani. Nyuma yake, kwenye ngazi, alisimama binti, bado na nguo za mazoezi, ameshikilia kizuizi cha ngazi kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa yamevimba. Meneja wetu ni mtu mstaarabu, hakumwomba mtu yeyote aseme uongo. Aliuliza swali jepesi kabisa: sehemu ya pili, kile kiti kilikuwa wazi au hakikuwa wazi?

Nikamwangalia Bi Shii. Angesema “Kilikuwa wazi” na kunyamaza, angekuwa amesema kweli tupu. Mchezo ungepona, mtoto wake angepona, na sisi wote tungempigia makofi. Nilikuwa namwombea moyoni aseme neno hilo moja, kisha afunge mdomo. Alinyoosha kola ya shati lake ambayo ilikuwa imenyooka tayari.

“Kiti kilikuwa wazi,” alisema, na mashabiki wakaanza kushangilia. Akainua mkono. “Ngojeni. Mwenyewe alikuwa amesimama na mimi nyuma ya pazia la mlango. Kifua kilikuwa kinambana, anakohoa, akaogopa kuwaharibia wenzake. Nikampa maji ya moto kwenye kikombe changu. Amesikiliza mpaka mwisho.”

Simuni mhariri alisikika akisema asante, kisha laini ikakatika. Spika alipata sauti kwanza.

“Mama, lakini huyo si mtoto wako?”

“Wangu wa kumzaa.”

“Sasa?”

“Sasa nini? Mtu alikuwepo, nimwambie hakuwepo?”

Mtu mmoja akatupa gazeti likamgonga Bi Shii begani. Wakamzomea. Niliwaona watu waliokuwa wakimbusu mkono siku ya uzinduzi wakimtolea maneno ambayo sitayaandika kwenye programu ya heshima kama hii. Alipogeuka kuangalia ngazi, binti alikuwa ameshapanda juu, na tukasikia mlango wa chumba cha waigizaji ukibamizwa.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Mama na binti wanaishi nyumba moja, wanakuja kazini kwa barabara moja, lakini walianza kuja mmoja mbele na mwingine nyuma. Nilimuuliza Bi Shii hali ya nyumbani, akasema, “Anaosha sahani yake, anaingia kulala. Hata kuniambia chumvi imezidi haniambii.” Hapo akajifanya anatafuta funguo. Kwenye makundi ya simu walimwita mama wa kambo. Nami, niliyekuwa nimeshika upande wa mashabiki kwa roho yote, nikajikuta nawakatia tiketi huku nimenuna. Wafadhili wakatangaza kwamba mchezo utashushwa mwisho wa mwezi. Hapakuwa tena na wa kumlaumu ila yeye, na walimlaumu.

Kisha asubuhi moja binti akashuka peke yake. Mama yake alikuwa juu ya ngazi ndogo akifuta vumbi kwenye pazia la mlango. Nilikuwa ndani ya dirisha langu najifanya napanga tiketi, na nawaomba radhi wote wawili kwa masikio yangu.

Binti hakusalimia. Alisema, “Ulisimama naye. Na wewe ulikuwa unasikia.”

“Nilikuwa nasikia.”

“Kwa hiyo na wewe ulionaje?”

Bi Shii alishuka kutoka kwenye ngazi, polepole, kitambaa mkononi. Miaka yote hiyo mlangoni hakuwahi kujibu swali hilo kwa mtu yeyote. Nilitamani amwambie mtoto kwamba aliimba vizuri mno, mambo yaishe, wakapike pamoja.

“Uliwahi basi, mwanangu,” alisema. “Ulifika kwenye kukata uzi ukaogopa tutakuona unalia, ukakimbia.”

Nikafumba macho. Nilipofumbua binti alikuwa ameondoka, na mama yake amekaa kwenye ngazi ya chini kabisa amejifunika uso kwa kile kitambaa cha vumbi.

Jumamosi iliyofuata, onyesho la mchana, nilifunga dirisha nikaenda kusimama karibu na Bi Shii. Mkono wake ulikuwa umekikamata kitasa cha mlango kana kwamba mlango utatoroka. Wimbo wa mwisho ulipoanza, mashabiki walianza kuimba naye kama kawaida yao, na binti akanyamaza. Akangoja. Mpiga kinanda akarudia utangulizi wa wimbo mara ya pili, akitazama jukwaani kwa wasiwasi. Mashabiki wakaacha mmoja mmoja. Ndipo akaimba, kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, bila haraka, uso wake wote ukiwa wazi mbele yetu na machozi yanashuka hadi kwenye kola, na alipofika kwenye mkasi, akaukata uzi polepole. Spika alikuwa ameinama, mabega yanacheza. Mimi nililia kama mtoto, na sijui Bi Shii alifanya nini kwa sababu sikuthubutu kumwangalia.

Mchezo ulishushwa mwisho wa mwezi kama ilivyotangazwa. Wembe hakurudi kuuona, na gazeti halikuandika neno lingine. Wako mashabiki ambao mpaka leo hawamsalimii Bi Shii, na wako walioomba radhi, Spika wa kwanza kati yao. Hayo ndiyo yaliyokuwa.

Lakini Jumamosi ile, watu walipokwisha kutoka, binti alishuka na vipodozi vyake usoni, vimechuruzika, na gauni la jukwaani. Akapita katikati ya viti hadi mlangoni, akasimama mbele ya mama yake akihema.

“Haya,” alisema. “Wao wote wananipaka mafuta. Wewe niambie.”

Bi Shii akamtazama. “Leo umeimba.”

Na yule binti, ambaye watu walikuwa wametoka kumpigia makofi kwa miguu na mikono, alimwangukia mama yake kifuani na kulia kwa kwikwi, kwa sababu sasa alikuwa na mtu mmoja duniani ambaye akimwambia hivyo anaweza kumwamini.

Bi Shii, wafanyakazi wenzako wa jukwaani, wa taa, wa mavazi, wa tiketi na wa milango tunakushukuru. Umeyaona mengi yetu na hukutuonea haya. Tunakutakia afya, usingizi wa mchana, na miaka mingi ya kukaa unapotaka kukaa. Na siku utakayokuja kututazama, tukikusogelea mwisho wa onyesho na kukuuliza tumefanyaje, tafadhali usitupunguzie ukweli.