Miaka Thelathini na Minne ya Andrea Mwaijande, na Jumatano Moja

Tarehe 30 Juni mwaka huu ndugu yetu Andrea Mwaijande anastaafu, baada ya kuutumikia ushirika wetu wa chai kwa miaka thelathini na minne. Aliajiriwa mwaka 1991 kama mpima majani katika kituo cha Matwebe, akahamishiwa Kinyala, kisha Mpuguso nyumbani kwao. Miaka kumi na miwili ya mwisho amekuwa mkaguzi mkuu wa majani mabichi hapa makao makuu, Tukuyu. Katika muda huo mameneja wamebadilika mara saba na mizani mara nne. Koti lake la mvua la kijani halijabadilika, ingawa wengi tumemshauri.

Kila mkulima anayetuletea chai anaujua mkono wa Andrea. Kapu likifika anauzamisha mpaka chini kabisa, maana mtu anayeficha majani magumu hayaweki juu. Akiyakuta hagombi. Anasema tu, "Hili bado," na mwenye kapu anakwenda pembeni kuchambua upya. Mwaka 1999 alimrudishia hivyo shemeji yake, dada wa mkewe, mbele ya foleni nzima. Shemeji akalibeba pembeni akachambua. Krismasi ile Andrea alipokwenda ukweni, wenzake waliletewa kuku, yeye akaletewa sahani ya majani ya chai yaliyochemshwa. Kisa hiki anakisimulia mwenyewe, na kila mara hakosi kuongeza kwamba hata yale ya kwenye sahani yalikuwa magumu.

Hakuna aliyewahi kumwona akifunga mizani kabla mkulima wa mwisho hajafika. Mvua kubwa za 2006 zilipokata barabara ya Kinyala, alikaa kituoni hadi akina mama waliozunguka kwa njia ya juu wakateremka na makapu yao, mmoja mmoja. Wapimaji vijana waliopita mikononi mwake ni zaidi ya ishirini, na wote wamerithi tabia ya kuzamisha mkono. Chai yenyewe anainywa ikiwa na maziwa mengi tu. Ya rangi anasema inamkumbusha kazi.

Ningependa kuendelea hivi hadi mwisho. Wasifu wa wastaafu ninauandika mimi kila mwaka, na najua kuchekesha watu. Lakini kamati iliponipa jina lake, Andrea alikuja masjala akaniomba jambo moja: jina la Jenifer liwemo. Nikaitikia haraka haraka. Kisha nikakaa na karatasi tupu siku nne.

Jenifer alikuwa kitinda mimba wa Andrea na mkewe, mama Agness. Mwaka 2017, akiwa darasa la pili, alivimba taya. Tulidhani ni jino. Jino likang'olewa, uvimbe ukazidi, na hospitalini Mbeya wakaambiwa ni saratani, ila ni ya aina inayotibika, mradi apate mizunguko sita ya dawa za kutundikiwa, kila baada ya wiki tatu, bila kukatisha.

Nyumba ile ilijipanga vizuri kuliko ofisi yetu. Mama Agness alihamia wodini na Biblia yake na kanga mbili. Prosper, kaka mkubwa, alishika jiko na ng'ombe. Andrea alikuwa akipima majani hadi saa sita, kisha anapanda gari kwenda Mbeya na chupa ya uji. Jenifer, kichwa hakina unywele hata mmoja, alikuwa akizungusha kijiko ndani ya uji mpaka chini, anamtazama baba yake na kusema, "Huu bado." Wodi nzima ilikuwa inacheka. Sisi wa kikundi cha maombi cha wafanyakazi tulikuwa tunakutana kila asubuhi kabla ya kazi, na hakuna siku tuliyoacha kumtaja.

Baada ya mzunguko wa kwanza uvimbe ulipungua. Baada ya wa pili ukaisha kabisa. Oktoba mtoto alirudi nyumbani anatafuna mahindi ya kuchoma kwa taya zote mbili. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kikundi, na mimi ndiye niliyekwenda kwa mchungaji kuomba siku ya ibada ya shukrani. Andrea aliniuliza kwa upole kama hatuwezi kungoja mizunguko iishe. Nikamjibu kwamba Mungu hashukuriwi kwa cheti cha daktari. Lilinitoka vizuri sana lile jibu, na nililirudia kwa watu wengine.

Jumapili ile mikungu ya ndizi ilijaa mbele ya madhabahu. Kwaya iliimba, Jenifer akasimama na gauni la njano, mama Agness akalia kwa furaha. Sasa anayetujua anaelewa shukrani ina maana gani kwetu. Ukishaitoa mbele ya kanisa, jambo limefungwa. Ukirudi kuliomba tena, watu watauliza ulikuwa unashukuru nini.

Mzunguko wa tatu ulikuwa Jumatano iliyofuata. Jumatatu asubuhi Andrea alikuja mezani kwangu kuchukua fomu ya ruhusa.

"Baba Jenifer," nikamwambia, "unakwenda kufanya nini huko? Jana si tumeshashukuru?"

"Daktari alisema sita, Mama Nelson."

"Daktari amesema sita, Mungu amesema mbili."

Waliokuwemo ofisini wakaitikia amina. Andrea alitabasamu kidogo, kama mtu aliyeaibishwa mbele za watu. Akaiweka fomu mezani bila kuijaza, akatoka. Mtu aliyewarudishia makapu shemeji, wazee wa kanisa na diwani, siku ile alishindwa kuturudishia la kwetu, kwa sababu tulilileta kwa jina la Bwana.

Mmoja tu ndiye aliyesema. Suleimani, dereva wetu wa lori, alinifuata baadaye akaniambia, "Dada, dawa ina idadi yake. Mwacheni mtu ampeleke mtoto wake. Mimi kesho kutwa nashuka Mbeya, nitawachukua." Nilimshukuru, na moyoni nikasema yeye ni Mwislamu, haya ya kwetu hawezi kuyaelewa. Lori lake lilikwenda Mbeya bila Jenifer. Muuguzi alipiga simu mara mbili kuuliza, na mara zote mbili akajibiwa kwamba mtoto amepona.

Uvimbe ulirudi Desemba, na safari hii miguu nayo ikakosa nguvu. Walirudi hospitalini. Walipokewa vizuri, hakuna aliyewasema, na walipewa dawa kali zaidi. Andrea na mama Agness hawakuondoka pale kitandani. Machi 2018 tulimzika Jenifer Mpuguso, mvua ikinyesha. Baba yake alisimama kuwashukuru waliosaidia, akataja majina, na langu alilitaja. Nilitamani aliruke.

Hakuwahi kunilaumu. Miaka saba tumefanya kazi kwenye jengo moja, na kila msimu wa parachichi mfuko wangu ulikuwa unanikuta mlangoni. Nami miaka yote saba nilikuwa nasema asante kwa parachichi tu.

Alichofanya Andrea baada ya hapo hakimo kwenye jalada lake la utumishi, kwa hiyo nakiandika hapa. Akisikia kituo chochote kina mkulima mwenye mtoto anayetibiwa Mbeya, anakwenda kumwuliza swali moja: "Imebaki mizunguko mingapi?" Likizo zake nne za mwisho alizitumia kusindikiza familia za Kinyala na Matwebe kwenye tarehe zao. Watoto wawili walimaliza mizunguko yote. Leo wanasoma sekondari. Shukrani zao zilitolewa baada ya dawa ya mwisho, na Andrea alikaa benchi la nyuma.

Wiki iliyopita nilimpa rasimu hii aisome, maana ndio utaratibu wetu. Nilimwambia sehemu ya Jenifer naweza kuipunguza, hii ni sherehe. Aliisoma taratibu, akaikunja, akanirudishia.

"Usipunguze," alisema. "Jarida hili linafika mpaka vituoni. Huenda yuko mzazi ana tarehe wiki ijayo, na watu wanamwambia mtoto amepona."

Kwa hiyo sikupunguza. Na kama mzazi huyo yupo na anasoma hapa, namwambia mimi niliyewahi kusema kinyume: mpeleke.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Baba Jenifer, ndaga fijo, asante sana, kwa miaka yote hii. Mungu akupe wewe na mama Agness afya, mvua ya kiasi na siku nyingi za utulivu. Baada ya hayo ya wote, nina langu peke yangu. Nilikosea juu ya mtoto wako, na sikukuambia hata siku moja. Naomba unisamehe.

Veronika Mwasomola
Masjala