Picha ya Flashi na Mkewe

Kahawa ya asubuhi ilikuwa bado ya moto kwenye benchi la nje ya duka la kinyozi Flashi alipofika na bahasha kwapani. Miaka thelathini aliwapiga picha watu wa mtaa mzima, za harusi na za paspoti. Tangu macho yaanze kumsaliti, naye akafunga studio, kazi yake ni mkasi na gundi: anakata magazeti na picha za zamani, anazibandika upya mpaka unaona ng'ombe amekalia sofa. Wenzake walizoea kucheka. Siku hiyo alitoa picha yake na marehemu mkewe, mkono wa mke umetulia begani kwake.

Wembe, kinyozi mwenye duka, aliinamia.

— Mkono huu naujua. Ulikuwa begani kwa shemeji yako.

— Shemeji nilimkata, Flashi akakiri. Mimi nimetoka kwenye picha ya kitambulisho. Za nyumbani zote nilipiga mwenyewe, sina hata moja niliyopigwa naye.

— Basi umeazima kumbatio, akasema Gia, dereva mstaafu wa malori. Ndiyo maana wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

Hakuna aliyejua methali hiyo imeingiaje. Gia akashauri binti wa Flashi aitengeneze kwenye simu, aweke na maua nyuma. Flashi akasema binti alishaitengeneza, ila simu ilimlainisha marehemu uso mpaka akafanana na mtangazaji wa televisheni. Mikunjo yote ya kucheka ikaenda. Wembe yeye aliona hatari kubwa zaidi: leo mtu anajibandika kwa mkewe, kesho kwa mke wa jirani, keshokutwa yuko mahakamani anadai watoto, na ushahidi anao. Gia akaongeza kwamba hata mirathi itagawanywa kwa gundi.

Wakiwa hapo, mama mmoja fundi cherehani aliyehamia mtaani juzi akapita kununua kahawa. Akaiomba picha, akaitazama kwa muda.

— Mmependeza, baba. Nani aliwapiga?

Wembe akakitazama kikombe chake. Gia akakohoa.

— Nauliza tu, akasema yule mama, akiirudisha kwa mikono miwili. Maana mkeo anavyomwangalia huyo mpiga picha, utadhani alikuwa anampenda.