Mzee Halivuji na Gari Lililozimikia Konani

Ndugu waombolezaji, majirani na mafundi wenzake marehemu, wakubwa shikamooni, na wote poleni kwa msiba huu. Historia hii inasomwa na mdogo wa marehemu kwa niaba ya familia, baada ya mjane kuipitia mwenyewe na kufuta kila mahali palipoandikwa kwamba marehemu alikuwa mtu rahisi kuishi naye, akisema kwamba kufiwa hakumpi mtu ruhusa ya kusema uongo.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Halivuji, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba hata alipokuwa anatambaa hakuweza kuona chupa iko wazi bila kuitafutia mfuniko. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, alikohitimu ufundi bomba Novemba 1976, na Januari iliyofuata akaajiriwa na idara ya maji ya mji, alikofanya kazi bila kuhama hadi alipostaafu mwaka 2012. Jina lake alilipata kazini, kwa sababu kila alipomaliza kuunga bomba aliliminya kwa kidole gumba, akainua uso na kutangaza kwamba hapa halivuji, na kweli halikuvuja.

Mke wake alikuwa mpokea simu wa idara hiyo hiyo, yule aliyetukanwa kutwa nzima na wateja ambao maji yalikuwa yakiwamwagikia sebuleni, naye akagundua kwamba ipo mitaa ambayo haipigi simu kabisa, akauliza ni fundi gani anayepita huko, akaonyeshwa, na tarehe 8 Desemba 1984 wakafunga ndoa. Walijaliwa watoto watatu, binti mkubwa ambaye leo ni dereva wa malori, na wavulana wawili, na mpaka hapo, ndugu zangu, maisha yalikuwa ya kawaida.

Mwaka 1996 marehemu alirudi nyumbani akivuta kwa kamba gari la spoti, jekundu, la milango miwili na viti viwili, alilopewa na mhandisi mmoja aliyekuwa anahama, nyumba yenyewe ikiwa na watu watano. Mke alipouliza watoto watakaa wapi aliambiwa kwamba hilo ni suala la baadaye, kwanza litengemae. Baraza ikabomolewa, pakajengwa banda kati ya geti na mlango wa mbele, na tangu siku hiyo kila aliyeingia nyumba ile aliingia ubavu ubavu, wageni, wagonjwa, hata bibi harusi wa kijana wetu wa pili, ambaye gauni lake lilipata grisi na bado hajalisahau.

Gari lilikuja bila mfuniko wa tangi la mafuta, na kwa kuwa marehemu hakuweza kulala chombo kiko wazi, alichonga mfuniko wa shaba siku hiyo hiyo, akautia mpira mnene ndani, akaukaza, akauminya kwa kidole gumba, akatangaza lile neno lake. Kisha akaanza kutafuta ugonjwa wa gari, maana liliwaka vizuri, likatoka getini likinguruma, na lilipofika konani, pale kwenye duka la vifaa vya shule, likapiga chafya mara mbili na kuzimika. Alifungua mfuniko ule kuchungulia kama mafuta yapo, yakawepo, akabadilisha plagi, akafunga, likawaka, akashangilia, likafika konani likazimika. Akabadilisha koili, ikawa hivyo hivyo, akabadilisha pampu ya mafuta, akafumua kabureta mezani penye chakula, akapuliza kila kitundu kwa mdomo wake, na kila mara alianza kwa kuchungulia tangi, na kila mara gari lilifufuka, naye kila mara akaamini kwamba kifaa cha mwisho alichobadilisha ndicho kilichosaidia, kimebaki kingine kidogo tu. Mfuniko ulipofunguliwa ulilia fyuu, jamani, mtaa mzima tuliusikia, na yeye alitabasamu, akisema mnaona, umekaza, hata hewa haipiti.

Kazi hiyo ilihitaji watu wawili, mmoja wa kuinamia boneti na kusikiliza, mwingine wa kukaa nyuma ya usukani, na huyo mwingine alikuwa mke wake, aliyeitwa kutoka jikoni, kutoka kwenye nguo alizokuwa akifua, mara moja kutoka kwenye kikao cha wazazi shuleni, akae akanyage mafuta anapoambiwa kanyaga na aachie anapoambiwa achia, mpaka majirani wakamwita Mama Kanyaga, na watoto wa mtaa wakalifanya wimbo wa kuruka kamba. Alikubali kwa sababu ya ahadi moja, kwamba siku gari litakapofika sokoni na kurudi bila kuzimika, ataondoka kwenye usukani, atavaa gauni lake la njano, atakaa kiti cha abiria kama mtu na heshima zake, na mume wake atamwendesha mji mzima. Hakutaka kingine. Mafundi magari walijitolea kuliangalia, marehemu akawafukuza, akisema fundi haitiwi fundi, na mjane alitaka tuandike hapa kwamba sikio la kufa halisikii dawa, familia ikamsihi asifanye hivyo, akakubali, lakini mmeshasikia.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kubanwa na kifua mwaka jana, akaficha, akasema ni moshi wa gari, na mke wake alipomwuliza usiku na mchana alijibu kwamba hana neno, akafunga mdomo kama alivyofunga kila kitu. Tarehe 21 Mei 2024 alianguka kando ya gari akiwa na spana mkononi, akalazwa, na daktari akasema moyo ulikuwa umechoka siku nyingi, angekuja mapema tungekuwa na la kufanya. Mjane anataka ijulikane kwamba amekasirika, na kwamba hasira hiyo haijapoa. Hata huko wodini aliinuka kukaza bomba la sinki lililokuwa likidondosha, akakemewa na wauguzi, akarudi kitandani ameridhika, na Jumanne tarehe 4 Juni, mke wake akiwa amemshika mkono, akafariki dunia.

Jana asubuhi ilibidi gari litoke, kwa sababu jeneza haliingii ubavu ubavu. Vijana walitaka kulisukuma, Mama Kanyaga akakataa, akasema lililotesa watu miaka yote hii litoke kwa miguu yake lenyewe, akakaa kwenye usukani wake na nguo zake za msiba. Mdogo wa marehemu, ndiye huyu anayesoma, alimimina mafuta, akaitwa kuonyesha mahali pa kufunga turubai, akaondoka na mfuniko mkononi bila kujitambua. Gari likawaka, likatoka getini, likafika konani, na sote tukasimama kusubiri chafya. Halikupiga chafya. Lilipita duka, likapita shule, likaenda sokoni, likarudi likinguruma, na mjane akashuka, akauona mfuniko mkononi mwa shemeji yake, akautazama ule mpira mnene, akatazama tangi lililo wazi, akaelewa kwamba tangi lilikuwa linakosa hewa tu, mafuta yakashindwa kutoka, hakukuwa na ugonjwa mwingine wowote, akakaa chini kwenye vumbi akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Mganga hajigangi, ndugu zangu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, na kuwaomba radhi kwa lile bomba la sinki, ambalo tunaambiwa sasa halifunguki. Inawashukuru wafanyakazi wenzake wa idara ya maji, na majirani, kwa kuvumilia moshi, kelele na kupita ubavu ubavu.

Mfuniko ameuweka mjane mwenyewe ndani ya jeneza, chini ya kiganja cha marehemu, ili mtu yeyote asije akaurudishia. Gari litafuata jeneza mpaka makaburini, binti mkubwa ndiye atakayeendesha, na msishangae, wala msinong'one, mkimwona mjane amekaa kiti cha abiria, na gauni la njano.

Pumzika kwa amani, fundi. Limefika sokoni, na limerudi.